Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Siku mliyoniaga pale ukumbini, kijana aliyeshika maikrofoni alisema kwamba miaka yote niliyozunguka nikitibu ng'ombe kuanzia Njoro hadi Molo, hakuna boma lililowahi kunilalamikia. Mkapiga makofi. Mimi niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na waliokaa karibu waliona wazi kwamba viatu vyangu havikuwa na kamba. Niliona haya mpaka uso ukaniwasha. Ningesimama pale pale nikamsahihisha, lakini nyama ilikuwa tayari na mlikuwa na njaa, nami tangu zamani si mtu wa kusimama kwa wakati unaofaa. Hilo mtaliona huko mbele.

Kwa hivyo naandika. Vyeo sitavigusa, vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, ni ule ule unaowasumbua nyinyi. Nitaandika kuhusu dawa za kuua bakteria, kwa sababu ndizo tunazobeba kila siku kwenye mkoba, na ndizo zilizonitia aibu ambayo sijaizoea mpaka leo.

Nilianza kazi nikiwa na cheti kipya, gambuti mpya na koti jeupe lililopigwa pasi. Watu waliniita daktari siku ya kwanza tu, nami sikuwasahihisha. Aliyepewa kazi ya kunifundisha alikuwa Mzee Karanja, mtu mfupi, mpole, mwenye pikipiki iliyokohoa kuliko wagonjwa wake. Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa kule Elburgon. Alikuwa na malengelenge mdomoni na kwenye kwato, na mate yanamtoka kama povu la sabuni. Mwenye ng'ombe alitaka sindano. Nikamdunga penisilini, sindano nene, mwenyewe akaridhika kabisa, akatuzawadia na mfuko wa viazi.

Karanja alingoja tukafika barabarani, akasimamisha pikipiki, akaniuliza ile sindano ilikuwa ya nini. Nikajibu, ya ugonjwa wa miguu na midomo. Akaniuliza kama ugonjwa huo unaletwa na bakteria au na virusi. Nikatazama viazi.

Hakunikemea. Aliniambia bakteria ni kiumbe kamili, ila ni kidogo mno, na kina ukuta wake. Kila kinapokua na kugawanyika lazima kijenge ukuta upya. Penisilini inaharibu kazi hiyo ya ujenzi, ukuta unabaki na nyufa, maji yanaingia na kiumbe kinapasuka. Dawa nyingine, kama ile tetra tunayoipenda sana, hazigusi ukuta, zinazuia kile kiumbe kutengeneza protini za kujiendeshea maisha. Chembe za mwili wa ng'ombe hazina ukuta wa aina ile, ndiyo maana dawa inamuua mmoja na kumwacha mwingine mzima. Virusi naye hana ukuta wa kuvunjwa wala jiko lake mwenyewe, anaishi kwa kupikiwa ndani ya chembe za mgonjwa. Ukimdunga penisilini umeitupa tu. Kama baadaye vidonda vingeingiwa na bakteria, hapo sawa, tungekuwa na sababu. Siku ile sababu ilikuwa koti langu jeupe.

Somo la pili lilinifikia Mau Narok. Mkulima mmoja alikuwa amenunua unga wa dawa kwenye duka la pembejeo, akamnywesha ng'ombe aliyekomaa kwa sababu anakohoa. Kikohozi kilipungua kweli. Lakini ng'ombe akaacha kula, akaacha kucheua, akasimama tu anatazama ukuta. Mimi nilidhani amepata ugonjwa mwingine. Karanja akamsikiliza tumboni, akasema tumbo limenyamaza. Akanieleza kwamba ng'ombe hajui kusaga majani peke yake, anasagiwa na bakteria wanaoishi tumboni mwake, na dawa haiulizi ni bakteria gani mbaya na gani mwema. Wote imewakuta, wote imewapiga. Tukaenda machinjioni, tukakamua maji yenye bakteria hai kutoka tumbo la ng'ombe aliyechinjwa asubuhi ile, tukayabeba kwenye debe hadi kwa mgonjwa, tukamnywesha. Harufu ya lile debe ilikaa kwenye koti langu jeupe mpaka nikaacha kulivaa. Kesho yake yule ng'ombe alikuwa anacheua.

Na siyo ng'ombe tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandikiwa vidonge vikali vya jino, na kabla havijaisha nilikuwa nimeijua njia ya choo hata kwenye giza. Ni mambo yale yale. Wapo pia watu na wanyama ambao mwili wao unaikataa dawa yenyewe. Nimeona mtamba akidungwa penisilini na kuanguka kabla sijachomoa sindano, macho yamevimba, pumzi inakatika. Ndiyo maana mlikuwa mnaniona na ile chupa ndogo ya adrenalini kwenye mfuko wa shati.

Nawaambia haya yote ili mjue kwamba nilijua. Sitaki mtu aje anitetee kwa kusema mzee hakuwa amefundishwa. Nilifundishwa vizuri sana, na mtu mzuri sana.

Karanja alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Akimaliza kutibu ng'ombe, badala ya kuosha mikono na kuondoka, alikwenda kuchuchumaa karibu na yeyote aliyekuwa na ndoo ya kukamulia. Mara nyingi alikuwa mama wa nyumba, pengine msichana, pengine kibarua. Angeuliza habari za kuku, za watoto, za mvua, na katikati ya hizo porojo angesema nini kifanywe na maziwa. Mimi nilikuwa nangoja kwenye pikipiki nikimwona mzee anapenda udaku. Niliwahi hata kumtania mbele ya wenzetu ofisini, nao wakacheka. Yeye pia alicheka. Alipostaafu nikaanza kwenda peke yangu, na mimi nilikuwa mtu wa haraka. Niliongea na mwenye ng'ombe langoni, mwanamume kwa mwanamume, nikawasha pikipiki.

Sasa nifike kwa lile boma la juu ya Sachangwan. Lilikuwa la familia ya Wakalenjin, watu wakarimu, wafugaji hodari. Mwenye ng'ombe aliitwa Kipng'eno. Mkewe aliitwa Chelagat, haikuwa miaka mingi tangu aolewe, na ndiye aliyekamua. Mama yake Kipng'eno tulimwita Kogo, yaani nyanya, na nyanya huyo ndiye aliyekuwa serikali ya pale. Kulikuwa na dada mdogo wa Kipng'eno, Chepkemoi, ambaye alikuwa anakaribia kuposwa.

Waliniita kwa sababu ya ng'ombe wao bora, Ayrshire mwekundu mwenye madoa, aliyevimba kiwele. Nilikamua matone kwenye kikombe cheusi nikaona mabonge. Bakteria walikuwa wameingia ndani ya kiwele kupitia chuchu. Nikamtia tyubu ya penisilini kwenye kila chuchu iliyoumwa, nikamdunga na nyingine shingoni, nikaacha tyubu za kuendelea nazo. Chelagat alikuwa pale muda wote. Ndiye aliyeleta maji ya moto, ndiye aliyemshika ng'ombe mkia, ndiye aliyemwimbia polepole ili asinipige teke. Tulipomaliza nilimwambia asante, nikampita, nikaenda langoni kwa Kipng'eno.

Nilimwambia Kipng'eno hivi: maziwa ya huyu mwekundu yasipelekwe kuula mpaka siku zilizoandikwa kwenye boksi ziishe. Kuula ni lile tangi la kupozea maziwa ambako wakulima wote wanapeleka. Pale wanapima, na maziwa yakipatikana na dawa yanakataliwa, pengine tangi zima linamwagwa na mkulima anatiwa adabu. Kila daktari wa ng'ombe analiogopa lile tangi. Nilitaja kuula tu. Kipng'eno akasema sawa, Daktari, akanikaribisha kwenye koito, sherehe ya posa ya dadake, nami nikakubali kwa furaha maana chakula cha pale nilikijua.

Kipng'eno alifanya nilivyosema. Alimwambia mkewe maziwa ya mwekundu hayaendi kuula, kisha akashuka Nakuru kununua vitu vya sherehe. Na Chelagat akafurahi. Fikirieni kidogo mahali alipokuwa. Siku zote maziwa mazito ya yule ng'ombe yalikuwa yanauzwa, nyumbani wanabaki na ya ng'ombe mzee. Leo bwana amesema yasiuzwe, na koito inakuja. Angewaza nini kingine? Aliona mume wake amewawekea wageni maziwa bora. Mabonge yalipoisha akayachemsha, akayapoza, akajaza vibuyu.

Kwa msiojua, koito ni siku wazee wa kijana wanapokuja kwa kina msichana kukubaliana juu ya mahari, na mazungumzo yakienda vizuri watu wanakunywa mursik pamoja. Mursik ni maziwa yaliyotiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti fulani, yakaachwa siku kadhaa mpaka yakaganda na kuwa machachu. Wanaoyagandisha ni bakteria, wale wema, wanaokaa kwenye kibuyu tangu maziwa ya nyuma. Na penisilini haiondoki kwa kuchemsha.

Siku yenyewe nilifika nimevaa suti. Mtoto wa Chelagat, Cherop, alikuja kunisalimia, nikaona kope zimevimba na mikono ina uvimbe mwekundu anaoukuna. Nikasema moyoni huyu ameumwa na nyuki au ameingia kwenye thabai, yale majani yanayowasha. Nikampa peremende, nikaenda kukaa na wazee.

Mazungumzo yalikwisha vizuri, watu wanacheka, Kogo akaamuru mursik iletwe. Chelagat akaleta kibuyu cha kwanza, amejifunga kanga mpya, akamimina. Mzee mkubwa wa upande wa kijana akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akakiweka chini bila kunywa. Maziwa yalikuwa mepesi kama maji ya kusuuzia sufuria, na harufu yake ilikuwa ya kitu kinachooza. Kikafunguliwa kibuyu cha pili, kikawa vile vile. Cha tatu vile vile. 

Kogo alimuuliza Chelagat kwa lugha yao amevifanyia nini vibuyu. Kisha akawageukia wageni, akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie, kwamba katika boma lake maziwa hayajawahi kukataa mpaka alipoletwa huyu. Wazee wa kijana wakaanza kunong'onezana. Kwao maziwa kukataa siku kama ile ni jambo zito, na mmoja alisema pengine mambo haya yaachwe kwanza, watu warudi siku nyingine. Ndani ya nyumba tulisikia Chepkemoi ameanza kulia.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu kibuyu cha pili. Nikanyanyuka, nikatoa simu, nikaenda hadi kwenye ua nikawa naongea na mtu ambaye hakuwepo. Haki ya Mungu, nilisimama pale nikisema "ndiyo, ndiyo" kwa simu iliyozimwa. Niliwaza watasema daktari ametia sumu kwenye maziwa. Niliwaza maboma mengine yataacha kuniita. Nilipogeuka niliona Chelagat amepiga magoti na kile kibuyu, anakisugua ndani kwa maji mbele ya wanawake wa upande wa kijana, na kila aliposugua walikuwa wanatazamana. Hakuwa analia. Alikuwa anasugua tu kibuyu kilichokuwa safi.

Hapo nikarudi. Nilisimama katikati yao nikasema shida si vibuyu, wala si mama huyu, ni dawa niliyomtia ng'ombe. Dawa inaingia kwenye maziwa, inaua wale wanaogandisha kama ilivyoua wale wa ugonjwa. Nilisema hayo, na ingekuwa nimeishia hapo pengine leo ningekuwa na usingizi mzuri. Lakini niliona macho ya wazee yamenigeukia, na maneno mengine yakanitoka mdomoni.

"Mimi nilimwambia mwenye ng'ombe," nikasema. "Muulizeni."

Macho yote yakahamia kwa Kipng'eno, mbele ya wakwe zake watarajiwa. Alisimama taratibu. Hakupandisha sauti.

"Uliniambia kuula, Daktari," akasema. "Hukuniambia watoto."

 Nilikuwa nimelihofia tangi la maziwa la watu nisiowajua, nikasahau kwamba maziwa yasiyoenda kwenye tangi yanaenda kwenye kikombe cha mtu. Chelagat akaacha kusugua. Akauliza kama hiyo dawa inaweza kumwasha mtoto, kwa sababu Cherop amekuwa akijikuna tangu waanze kunywa maziwa ya mwekundu, na Kogo alikuwa anampaka vaselini. Ndipo nikakumbuka kope alizokuja nazo kunisalimia, na peremende niliyompa.

Nilimpakia yule mtoto na mama yake kwenye pikipiki, suti yangu na vumbi lote, hadi zahanati. Nesi alimtazama, akampa dawa ya kutuliza mwasho, akatuweka pale tungoje aone kama pumzi itabadilika. Haikubadilika. Akaandika kwenye kijitabu cha kliniki kwamba mtoto huyu asipewe penisilini, akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema ni daktari wa ng'ombe. Alinitazama kidogo kisha akaendelea na kazi yake. 

Tuliporudi tulikuta jirani ameleta kibuyu chake, wazee wamekunywa, posa imekubaliwa, watu wanaimba. Niliambiwa nile. Nilikula, maana kukataa kungekuwa aibu nyingine, lakini sikumbuki nilikula nini.

Ilinichukua muda kurudi. Nilijiambia nina kazi nyingi Kiamunyi, nina chanjo Rhonda kwa wafugaji wa nguruwe, nina hili na lile. Mwishowe nilikwenda na sukari na majani ya chai. Kipng'eno alinipokea langoni. Tukakaa kwenye benchi, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba nilimtupia lawama mbele ya wakwe na haikuwa lawama yake. Aliusikiliza msamaha wangu kwa heshima, akanipa mkono, akasema yameisha, sisi ni watu. Nikasikia mzigo umeshuka. Nikamuuliza habari za mwekundu, akasema amepona, chuchu zote zinatoa. Nikamwambia safi sana. Tukaanza hata kucheka juu ya mambo ya siasa.

Chelagat alileta chai. Alinipa kikombe, akabaki amesimama, jambo ambalo hakulizoea mbele ya wageni wa mume wake.

"Daktari, umemaliza?" akaniuliza.

Nikasema nimemaliza, mama, nashukuru, tumesameheana.

"Umemwomba msamaha mwenye ng'ombe," akasema. "Sawa. Lakini anayekamua ni mimi. Aliyeitwa mchafu ni mimi, na mtoto aliyewashwa ni wangu. Mimi utaniambia lini?"

Kipng'eno akatazama chini. Mimi nilikuwa nimetoka Nakuru mpaka pale kuomba msamaha kwa kosa la kumpita mama huyu, na nilikuwa nimempita tena, na sukari yangu mkononi. Nilisimama, chai ikanimwagikia vidoleni. Nikamwomba msamaha. Nilisema yote, la kumpita zizini, la simu iliyozimwa, la maneno niliyoyasema mbele ya wageni wakati yeye amepiga magoti. Sikujali tena nani ananiona.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Nimesikia."

Hakusema amesamehe. Nilingoja aliseme, naona aibu kuwaambia kwamba nilingoja, lakini alichukua kikombe akaenda jikoni.

Vijana wangu, mambo ya kitaalamu mnayajua kuliko nilivyoyajua mimi. Ukiweka dawa kwenye kiwele, sema maziwa yamwagwe, ya kuuza na ya nyumbani, na usiwaambie wampe ndama ukadhani umeokoa kitu, kwa sababu dawa kidogo kidogo ndiyo inayowafundisha bakteria kuizoea. Sema kuchemsha hakusaidii. Uliza kama kuna mtu nyumbani ambaye mwili wake unaikataa penisilini. Na umwambie anayekamua, kwa mdomo wako mwenyewe, hata kama mwenye ng'ombe amesimama pale anakunja uso kwa kuwa hujaanza na yeye. Mimi tangu siku ile nilichuchumaa kila boma, na magoti yangu mnayajua yalivyo.

Boma lile liliendelea kuniita mpaka nilipostaafu. Kipng'eno alinipokea vizuri kila mara, na Chelagat alileta maji ya moto, akasikiliza maagizo yangu, akayarudia neno kwa neno kuhakikisha. Kogo tulimweleza habari ya dawa mimi, nesi na hata mwanawe Kipng'eno, na kila mara alisema ameelewa. Lakini wageni wakubwa wakija pale, vibuyu vinatayarishwa na mke wa mdogo wake Kipng'eno. Chelagat anakamua, anachemsha, anapoza, halafu anampelekea yule mwingine sufuria mlangoni na kurudi zizini.